Neno Ulilolifuta Mwenyewe

Mwaka umezunguka, Kifungu wetu, tangu asubuhi ile ulipotutoka, na bado kila mmoja wetu akitaka kusema jambo hujiuliza kwanza wewe ungelisema kwa maneno machache kiasi gani.

Anayeandika ni mdogo wako, msusi. Bila shaka umeshajua, maana sentensi zimeanza kurefuka. Familia ilikaa sebuleni ikamteua yeye, kwa sababu mumeo alikataa katakata kushika kalamu. Alisema yeye ni fundi wa majokofu, na mambo ya kuandika alikukabidhi wewe tangu siku mlipofunga ndoa. Lakini yupo hapa hapa mezani na kikombe chake cha chai, anasikiliza kila mstari ukisomwa, kama alivyozoea kusikiliza yako.

Wasiotujua watashangaa jina hili. Waambiwe kwamba ndani ya nyumba hii hakukuwa na ombi lililopita bila wewe kuinua miwani na kuuliza, "Kwa kifungu gani?" Binti yako akitaka kwenda kulala kwa rafiki yake, kwa kifungu gani. Mwanao akitaka viatu vipya wakati vya zamani vina soli nzima, kwa kifungu gani. Mtoto ilibidi ajieleze, na akijieleza vizuri ulimruhusu hata jambo ambalo baba yake alikuwa ameshalikataa, naye baba akabaki anakuna kichwa. Ndipo watoto wakaacha kukuita Mama wakawa wanakuita Kifungu, kwanza nyuma ya mlango, kisha mbele yako, na wewe ukaitika.

Kanuni za nyumba zilikuwepo pia. Mojawapo ilisema kwamba aliyepika haoshi vyombo. Siku moja mwanao alichemsha maji ya chai, akajilaza kwenye kochi akidai amepika. Ulicheka mpaka ukajifuta machozi, ukaosha vyombo mwenyewe, maana kanuni ni kanuni. Kesho yake wakati wa chakula ukatangaza marekebisho: kuchemsha maji si kupika. Mwanao leo ni mtu mzima, ana mke na mtoto, na mpaka sasa anasema siku ile alidhulumiwa.

Watu wengi hawakuielewa kazi yako. Wateja wa saluni walikuwa wakimwuliza mdogo wako, "Eti dada yako ni wakili, huwa anatetea wezi?" Naye alikuwa akiwajibu kwamba dada yake hatetei mtu, anawasumbua majenerali. Ukweli ni kwamba mahakamani uliacha kwenda zamani. Ulikuwa wakili wa serikali, na kazi yako ilikuwa kuwashauri wakubwa wa jeshi juu ya watu wao: nani apandishwe cheo na kwa utaratibu gani, askari akiugua afanyiwe nini, akitaka kufunga ndoa aombe ruhusa kwa nani, akijifungua apate likizo gani, akifa familia yake ielekee wapi. Mizinga na ndege za vita havikukuhusu. Ulihusika na yule koplo anayesubiri uhamisho huku mkewe ni mjamzito.

Ofisi yako ilikuwa mwisho wa korido, jirani na chumba cha mashine ya kutoa nakala, na dirisha lake lilitazama uwanja ambako makuruta walifundishwa gwaride. Ukisoma ulilifunga. Ukiwaza ulilifungua, kwa hiyo aliyepita nje na kusikia kishindo cha buti kikiingia kwako alijua kuna mtu atasubiri jibu. Askari wa getini alizoea kukupigia saluti na kukuita afande. Ulimwambia mara nyingi kwamba wewe ni raia na urefu wako hautoshi kuwa afande. Hakusikia. Siku ya mazishi yako alikuja akiwa amevaa kiraia, akapiga saluti vilevile.

Siri za ofisi hukuzileta nyumbani. Ulileta maneno tu, yakiwa yamevuliwa majina ya watu. Kila Jumamosi ulipokuwa ukipiga pasi blauzi za wiki nzima, rasimu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya maji, na mumeo ameketi sakafuni na mota ya jokofu la mtu juu ya magazeti. Ulimsomea kifungu baada ya kifungu. Akisinzia, ulijua ni kirefu. Akiuliza swali, ulijua hakijakaa sawa, ukakiandika upya. Ulikuwa ukisema kwamba fundi akielewa, koplo ataelewa, na kwamba majenerali wao watasaidiwa na koplo. Mumeo hakuwahi kuona ajabu katika mpango huo. Alidhani kila nyumba ya wakili inaendeshwa hivyo.

Sasa tuje kwenye lile jambo. Hukuwahi kutusimulia lote, ila waliokuwemo wametusimulia, na leo tunalisema mbele za watu kwa sababu tunajivunia.

Kulikuwa na sajini mmoja, mwanamke, fundi wa magari katika karakana ya kambi. Aliugua, akafariki. Aliacha mume ambaye ni fundi cherehani, na watoto, na nyumba ya kambi waliyokuwa wakiishi. Maziko hayajapoa, meja aliyesimamia makazi akamwita yule mume akamwambia mwisho wa mwezi aondoke. Meja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ofisa anayehamia na familia yake, nyumba hakuna, na mbele yake palikuwa na kanuni inayosema: mjane wa askari atabaki katika nyumba ya kambi hadi watoto wake wamalize mwaka wa masomo. Mjane, alisema meja, ni mwanamke aliyefiwa na mume. Mwanamume aliyefiwa na mke anaitwa mgane. Na mgane, ukiisoma kanuni kutoka juu hadi chini, hayumo.

Fundi cherehani alikuja ofisini kwako akaketi kwenye ukingo wa kiti. Ametusimulia mwenyewe alichokuambia.

"Mama, sikuja kubishana, nimekuja kuuliza. Mke wangu alipokuwa hai, kambi nzima ilinijua mimi ni mume wake. Amekufa, ndiyo nimekuwa mgeni?"

Ulimwuliza watoto wapo darasa la ngapi. Alisema mkubwa, msichana, anafanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi mwisho wa mwaka, pale pale shule ya kambi, na akihamishwa sasa hajui atamwandikisha wapi. Uliisoma kanuni, ingawa uliijua kwa moyo. Kisha ukamwambia arudi nyumbani na asifunge hata kifurushi kimoja mpaka asikie kutoka kwako. Hukumwahidi kitu kingine. Fundi anasema alitoka pale akiwa na nguvu za miguu ambazo hakuingia nazo.

Asichokijua fundi ni kwamba neno "mjane" uliliandika wewe. Uliliandika miaka yako ya mwanzo katika ofisi ile, wakati wanawake jeshini walikuwa wa kuhesabika na mawazo ya kila aliyekuwa mezani, pamoja na yako, yalikuwa kwamba askari ndiye anayekufa na mwanamke ndiye anayebaki. Hakuna aliyekukosoa. Kanuni ikapita, ikakaa kimya kwenye kabati miaka yote hiyo ikimsubiri fundi cherehani.

Jumamosi iliyofuata ulipiga pasi kama kawaida, ila chupa ya maji haikuegemezwa rasimu yoyote. Mumeo aliliona hilo. Aliona pia kwamba pasi imetulia mahali pamoja kwa muda mrefu mno, mpaka harufu ikamfikia pale sakafuni.

"Mimi nikitangulia," ukamwambia, "wewe utaitwa nani?"

"Kwani unakwenda wapi?"

"Nijibu."

"Wanaita mgane."

"Unalipenda hilo jina?"

Alilipima kidogo. "Linafanana na mganga. Watu wataanza kuniletea wagonjwa."

Ulicheka, naye akadhani yameisha. Hayakuisha. Ulimwuliza tena, kama yeye mwenyewe angepewa nafasi ya kuchagua, angejiitaje. Mumeo ni mtu asiyependa maneno mengi. Alikaza nati aliyokuwa akiikaza, ndipo akajibu.

"Ningesema tu kwamba mimi ndiye niliyebaki."

Ukazima pasi ukaingia chumbani kuandika. Blauzi ile ya samawati ilibaki na alama ya kahawia kwenye kola, na zilizosalia alizimalizia yeye, vibaya kama mnavyoweza kufikiri. Jumatatu ukaenda kazini na mikunjo.

Kikao chenyewe tulikijua siku ya mazishi yako, kutoka kwa meja yule yule. Alikaa nasi chini ya turubai, kofia magotini, akatueleza bila kujipendelea. Brigedia ndiye aliyeongoza. Meja alisoma kanuni, akaeleza mjane na mgane, akaeleza na ofisa wake anayehamia. Brigedia alisikiliza, akasema mambo haya hayana haja ya kuwachosha watu: fundi aachwe akae, kwa huruma, na kanuni ibaki ilivyo. Wote mezani wakashusha pumzi. Meja anasema hata yeye aliona hapo pamekwisha, na alitegemea wewe ndiye utakuwa wa kwanza kukusanya makaratasi.

Tunakujua, Kifungu. Tunajua kwamba pale palikuwa na njia laini kabisa. Fundi angebaki nyumbani kwake, na hakuna ambaye angeuliza neno limetoka wapi. Ungeweza hata kuwaambia kwamba mitaani watu humwita mjane hata mwanamume, kwa hiyo fundi yumo, na mambo yakaisha kwa chai. Lakini ulikuwa umewaza dirisha likiwa wazi.

"Huruma ni ya mkuu aliyepo, Afande," ulimwambia. "Akihamishwa, anahama nayo."

Ukasema fundi huyu atabaki, sawa, na wa mwakani je, chini ya mkuu mwingine? Ukasema sajini yule alilala chini ya malori ya jeshi kwenye matope sawasawa na wanaume, na hakuna aliyemwambia kwamba akifa watoto wake watahesabiwa tofauti. Hukupandisha sauti. Meja anasema ungeipandisha ingekuwa nafuu.

Brigedia akauliza, "Neno hili aliandika nani?"

Meja alitutazama hapo kabla ya kuendelea. Alisema katika jeshi swali kama hilo hujibiwa kwa kutaja mtu aliyestaafu, au aliyekufa.

"Mimi," ukasema. "Niliandika mjane kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba mwanamke naye atakufa na cheo chake, nyuma abaki mwanamume. Nilikosea."

Anasema kikao kizima kilitazama meza. Brigedia akakusogezea kanuni pamoja na kalamu yake.

"Basi lifute mwenyewe."

Ukashusha miwani kutoka kwenye nywele, ukalifuta, na juu yake ukaandika: mwenza aliyebaki. Maneno mawili. Meja, ambaye bado alikuwa na ofisa wake asiye na nyumba, akakuuliza kwa uchungu kidogo sasa yule atalala wapi. Ukamjibu kwamba nyumba iliyo jirani na zahanati imejaa viti vibovu tu, umeshapita kuiona, na viti havina watoto wa shule. Meja alicheka alipotusimulia hapo, akavaa kofia, akaivua tena. Alisema alihamisha viti wiki ile ile na kwamba tangu hapo hajasoma kanuni yoyote bila kujiuliza imemsahau nani.

Msichana wa fundi alifanya mtihani wake akitokea kitandani kwake mwenyewe. Alifaulu. Wewe hukutuambia lolote, ila tunakumbuka jioni moja uliingia nyumbani ukiimba, na wewe huimbi, na mdogo wako akakuomba kwa heshima zote unyamaze.

Kisha moyo wako ukaanza kutusumbua. Uliuchukulia kama karani mvivu, ukaufokea, ukaupangia ratiba, ukaendelea na kazi mpaka daktari akakulaza. Hata wodini uliona cha kurekebisha. Jokofu dogo la dawa lililokuwa pembeni lilikuwa likipiga kelele, na asubuhi ile ulimwuliza mumeo lina nini. Akainama kulisikiliza, akakuambia ni feni imelegea.

"Basi litengeneze," ukasema, ukafumba macho.

Alitoa bisibisi mfukoni, maana hatembei bila bisibisi, akalifungua nyuma, akakaza. Kelele ikaisha. Akageuka kukuambia kwamba limepona, na wewe ulikuwa umeshaondoka. Anasema wodi haijawahi kuwa kimya namna ile. Tumemwuliza kama anajuta kuwa alikupa mgongo. Hajuti. Anasema lile lilikuwa ombi lako la mwisho na alilitimiza, na ni mume gani mwingine anayeweza kusema hivyo.

Lakini tusikudanganye, maana uongo uliunusa kutoka mlangoni: miezi ya mwanzo ilikuwa mibaya. Alipungua mpaka suruali zikawa zinamzidi. Jumamosi zilipofika alitandaza magazeti sakafuni, akaweka mota, na mikono isifanye kitu. Tulimwogopea, Kifungu. Tulidhani tutawapoteza wawili.

Siku moja ilibidi aende ofisi ya serikali kufuatilia mambo yako, na mdogo wako akamsindikiza. Karani, kijana wa adabu tu, alinyanyua macho akauliza, "Mzee, niandikeje hapa, wewe ni mjane au mgane?" Mdogo wako alikuwa ameshavuta pumzi ya kumwaga maneno yote anayoyajua. Shemeji yake akamgusa mkono.

"Andika mwenza aliyebaki," alimwambia karani.

"Hilo silijui, mzee."

"Jeshini wanalijua. Aliyeliandika ni mke wangu."

Alilisema kwa sauti iliyonyooka, akiwa ameketi wima, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike tulimwona mtu tunayemfahamu. Karani aliandika. Huko nje mumeo alisema ana njaa, akala sahani nzima, na mdogo wako akalia kwenye leso ya karatasi kwa furaha, jambo ambalo ametaka lisiandikwe na limeandikwa.

Fundi cherehani naye amekuwa mtu wa nyumba hii. Alikuja na futi yake shingoni, akampima shemeji bila kuombwa, akazichukua suruali zote akazipunguza kiuno. Hawazungumzi sana, wale wawili. Mmoja anashona, mmoja anakaza nati, na ndiyo maongezi yao. Juzi fundi amezirudisha zile suruali kwake kwa mara ya pili. Safari hii ni kuziongeza, na hatujawahi kufurahia kuharibika kwa nguo namna hii.

Nyumba imesimama, Kifungu. Binti yako amekuwa muuguzi mkuu wa wodi yake, na tunasikia wauguzi wadogo wanamwogopa wanapoomba likizo, na tunajua kwa nini. Mwanao bado hapendi vyombo. Mjukuu wako ameanza kuzungumza, na wiki iliyopita alipoambiwa akalale alisimama katikati ya sebule akasema, "Kwa fungu gani?" Hakuna aliyemfundisha, tunaapa, au kila mmoja anadhani ni mwenzake. Alilala amechelewa sana, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa huku akicheka.

Blauzi ya samawati yenye alama ya pasi kwenye kola imening'inia ndani ya kabati, upande wako. Tumegawa nguo nyingine kama ulivyotaka. Ile mumeo alisema haina kasoro, akaurudisha mlango.

Wanaokukumbuka ni binti yako na mwanao, ambao bado wanajieleza kabla ya kuomba kitu. Mkwe wako, ambaye ulimfundisha kwamba sentensi fupi si ukali. Mjukuu wako mwenye fungu lake. Mdogo wako, msusi, aliyeandika haya yote na kufuta machache kuliko ulivyopenda. Meja, askari wa getini, na fundi cherehani na watoto wake, ambao wameomba wahesabiwe kwenye familia na wamekubaliwa bila kujieleza. Kwetu wewe huna tarehe ya mwisho, Kifungu, na hili halihitaji kanuni.

Mwishoni hapa mdogo wako alikuwa ameandika "na mume wako". Ulipofika wakati wa kusomwa, shemeji ameweka kikombe chini, ameomba neno lifutwe, na amenyoosha mkono kuitaka kalamu, yeye aliyeikataa. Yanayofuata ameyaandika mwenyewe, taratibu, kwa herufi kubwa kubwa za mtu aliyezoea bisibisi:

Na mimi, mwenza wako niliyebaki.